Dhima ya Mhusika Kinjeketile na Suala la Ukweli

Katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein anamtwika mhusika wake mkuu mzigo wa kimaadili unaouzidi ule wa uongozi wa kivita. Vita vya Majimaji (1905–1907) viliziunganisha jamii mbalimbali za kusini mwa Tanzania ya leo dhidi ya Wajerumani, na katika mchezo huu maji ndiyo yanayouzaa umoja huo. Hata hivyo, Kinjeketile mwenyewe anafikia kuyatilia shaka ilhali imani ya watu imekwisha kumpita. Wanaanza vita kabla hajatoa amri. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Je, kukataa huko ni kudanganya? La hasha. Ungamo linalodaiwa na mkoloni halikusudii kubainisha ukweli kuhusu maji, bali kubatilisha haki ya kupigania uhuru mbele ya vizazi vijavyo. Lakini ushujaa huo haumwondolei lawama ya damu ya wale walioliamini neno lake. Dhima ya Kinjeketile, basi, ni kudhihirisha kwamba kiongozi huliwajibikia neno lake hata linapokuwa halimtii tena.