Neno Walilokatazwa Simba

Fahali wawili wakikutana kwenye malisho ya Minembwe, milimani mashariki mwa Kongo, hawapigani papo hapo. Kwanza kila mmoja humgeuzia mwenzake ubavu ili aonekane alivyo mpana. Huinamisha kichwa, huparua udongo kwa kwato na kuurusha mgongoni, husugua shingo ardhini, hunguruma mpaka ndama wakakimbilia kwa mama zao. Mchunga ng'ombe husimama kando ameegemea fimbo yake, hana haraka, kwa kuwa anajua kinachokuja. Mara nyingi mmoja atageuka polepole, atainama, ataanza kula majani kana kwamba hakuna lililotokea. Damu haimwagiki. Aliyejipima akajiona mdogo ameondoka na pembe zake zote mbili.

Nimeanza na fahali kwa sababu hadithi tunazowasimulia watoto zimewasingizia wanyama. Humo fisi hujitapa, chura hujifutua, punda huvaa ngozi ya simba akatisha kijiji kizima mpaka alie kwa sauti ya kipunda. Mnyama wa kweli hana nafasi kubwa ya kusema uongo. Fahali anayegeuza ubavu anaonyesha ubavu alio nao, hawezi kuonyesha wa kuazima. Ni binadamu aliye na kiungo kisichofungamana na nguvu zake, nacho ni ulimi. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, na msimulizi anapompa mnyama ulimi, jambo la kwanza mnyama huyo analolifanya nao ni kudanganya kuhusu ushujaa wake.

Sasa ushujaa wa uongo ni nini hasa? Wengi watajibu upesi kwamba ni woga uliojificha. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Plato aliandika mazungumzo yanayoitwa Laches, ambamo majenerali wawili wa Athens wanajaribu kueleza ushujaa na kushindwa. Mmoja wao, Nicias, anakataa katakata kumwita simba shujaa. Simba haogopi, anasema, lakini kutoogopa kwa sababu hujui cha kuogopa si ushujaa. Mtoto mchanga anayenyoosha mkono kushika kaa la moto hana ushujaa wowote, bado hajaungua tu. Shujaa ni yule anayejua uzito wa hatari.

Nikimfuata Nicias hapo, naona kwamba mwenye ushujaa wa uongo naye anajua. Anaijua hatari vizuri, anaiogopa, ila hayuko tayari kulisema hilo mbele za watu. Mbele za watu: hapo ndipo penye siri. Mtu hajigambi peke yake porini. Tazama kisa cha zamani cha Aesop, cha chura na ng'ombe, ambacho kinaweza kabisa kutokea katika mabonde yenye majimaji ya Itombwe, huko huko milimani. Watoto wa chura wamemwona ng'ombe, wanarudi kusimulia ukubwa wake. Mama yao anavuta pumzi na kujifutua. "Nimemfikia?" Bado. Anajifutua tena. "Na sasa?" Bado. Anaendelea hadi anapasuka. Sikiliza swali lake. Hakwenda kumwangalia ng'ombe hata mara moja. Muda wote macho yake yalikuwa kwenye macho ya watoto. Ng'ombe mwenyewe alikuwa akinywa maji, hakujua kwamba palikuwa na mashindano.

Pwani wana kisa kingine kinachonisumbua zaidi, cha punda wa dobi. Askofu Edward Steere alikisikia Unguja na kukichapisha London mwaka 1870. Simba ni mgonjwa, hawezi kuwinda, anamtuma sungura amletee nyama. Sungura anamwendea punda na kumvisha sifa na ahadi ya ndoa, punda anafuata. Simba anamrukia, punda anaponea chupuchupu na kukimbia. Sungura anarudi tena. Anamweleza punda kwamba hayo makucha hayakuwa na nia mbaya, na punda, mwenye majeraha mwilini, anakwenda mara ya pili. Simba anapotafuta moyo na masikio ya mzoga, sungura aliyekwisha kuvila anamjibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo asingerudi. Punda hakujigamba hata neno moja. Kuna aliyejigamba kwa niaba yake.

Huyu punda ananirudisha Fizi na Baraka, mwaka 1964.

Mwaka huo uasi ulienea mashariki mwa Kongo, na vijana waliouingia wakaitwa Simba. Hawakuwa wajinga, na sitaki mtu awacheke. Uhuru wa 1960 ulikuwa umewapa ahadi nyingi na wali mchache. Mganga aliwanyunyizia dawa na kuwaambia kwamba risasi zitakuwa maji. Kule Tanganyika ya kusini baba za wengine waliambiwa maneno ya aina hiyo hiyo katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Na kwa muda dawa ilifanya kazi, tena si kwa muujiza: askari wa serikali nao waliiamini, wakawakimbia Simba kabla ya mapambano. Hapo ilikuwa kama kwa fahali, ubavu ulitosha. Lakini majigambo huwa na nguvu mpaka siku yanapokutana na mtu asiyeyaamini, na mamluki wa serikali waliokuja baadaye hawakuyaamini.

Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kwa siri kutoka Kigoma na Wacuba wa kuwasaidia Simba, akatua Kibamba, chini ya milima ya Fizi. Wacuba walipewa namba za Kiswahili kuwa majina, naye akawa Tatu. Alikaa miezi saba hivi, akaondoka Novemba, na kumbukumbu alizoandika baadaye anazifungua kwa kukiri kwamba anasimulia kushindwa. Aliichunguza dawa kwa makini, akaeleza miiko yake. Mpiganaji asichukue mali isiyo yake. Asimguse mwanamke. Na asiogope. Akivunja mwiko mmojawapo, kinga imetoka.

Mwiko wa tatu nimeufikiria kwa siku nyingi. Kijana akijeruhiwa, sababu ilikuwa tayari: aliogopa. Na nani asiyeogopa risasi zinapolia? Aliyejeruhiwa alikuwa wa kwanza kukubali, kwa sababu alijua moyoni kwamba kweli aliogopa. Aliyekufa hakuweza kubisha. Aliyetoka mzima hakuweza kusema kwamba naye alitetemeka na bado yuko hai, maana angekiri mwiko. Kwa hiyo dawa haikuweza kushindwa kamwe. Kila maiti alikuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Shambulio la wapiganaji hao na Wacuba kule Bendera mwishoni mwa Juni 1965, kwenye ngome iliyolinda mtambo wa umeme, lilivunjika vibaya. Wapo waliotoroka kabla ya risasi ya kwanza, na Wacuba wanne wakauawa. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na makundi ya mlimani bado yanabeba jina la yale maji: Mai-Mai.

Mimi naamini kwamba kiini cha ushujaa wa uongo ni hapo. Ni sheria inayokataza neno moja, naogopa. Ukilikataza neno hilo, umefunga mlango ambao habari ya hatari hupitia. Kijana aliyeona nyayo asizozijua penye kijito atanyamaza. Kamanda atahesabu watu wasiokuwepo. Mkutano utapiga makofi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayetetemeka.

Na hapa lazima niseme kwamba hadithi za wanyama zimekosea hesabu. Katika hadithi nyingi, mwenye majivuno hulipa mwenyewe: chura ndiye anayepasuka, punda mwenye ngozi ya simba ndiye anayepigwa. Ni haki ya kupendeza. Katika nyanda za juu za Minembwe, tangu vita vilipowaka upya kuanzia 2017, haki hiyo sijaiona. Anayejigamba huwa mbali. Anarekodi sauti kwenye simu, pengine yuko mji mwingine, pengine bara jingine, anasema sisi hatuogopi mtu, waje. Sauti inapanda mlima usiku ule ule. Asubuhi vijiji vinaungua, ng'ombe wanaswagwa, na anayeshuka kwa miguu kuelekea Baraka, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, ni mama ambaye hakurekodi chochote. Babembe wamezika, Banyamulenge wamezika, Bafuliiru na Banyindu wamezika. Kila upande ulikuwa na chura wake, na kila upande waliopasuka ni wengine.

Nitaulizwa: basi unatutaka tuwe waoga? Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, sawa, lakini nani atalinda zizi? Swali hili ni la haki na halijibiwi kwa methali. Mahali ambapo kila mtu amekimbia ni mahali palipochukuliwa. Aristotle aliliona hilo, akaweka ushujaa katikati ya woga na ujasiri wa pupa, na akatoa alama ya kumtambua mwenye pupa: kabla ya hatari ana hamu nayo, ikifika anarudi nyuma. Shujaa ni kinyume chake, kabla ametulia, wakati wenyewe yuko imara. Ndiyo kusema kukiri hofu na kukimbia ni mambo mawili. Wengi wanaokimbia hawakukiri kamwe.

Katika simulizi hizo hizo za Unguja yupo sungura anayerudi nyumbani kwake wakati simba amejificha ndani akimngoja. Sungura hakimbii kutoka mbali, wala haingii kwa kifua mbele. Anasimama nje na kuisalimu nyumba yake. Kimya. Anashangaa kwa sauti: kila siku nikiisalimu nyumba huniitikia, leo kuna nini? Simba ndani anaona heri aitikie. Sungura amepata jibu, anaondoka. Hofu yake imekuwa swali, na swali limemwokoa. Watoto hucheka hapo, nami sipingi, ila huyu ndiye mnyama pekee katika visa vyote nilivyovitaja ambaye alikwenda kuitazama hatari yenyewe badala ya nyuso za watazamaji.

Yupo mwingine ninayemfikiria pamoja naye, na huyu si wa hadithi. Ni mama anayepanda kutoka Baraka na mzigo wa ndakala waliokaushwa. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na anakokwenda ni zaidi ya mita 2,000. Kitenge amekifunga kiunoni, mzigo umekaa juu ya kata, mikono yote miwili iko huru. Kila anapokutana na anayeshuka, hata akiwa wa kabila jingine, anasimama kidogo kuuliza: huko juu kukoje? Anasikiliza jibu, anamtazama usoni aliyejibu, anapima. Siku nyingine anaendelea. Siku nyingine anageuka, anashuka na samaki wake wote, kesho anajaribu tena. Sijasikia akiitwa shujaa na hakuna wimbo unaomtaja. Soko la mlimani limeishi kwa miguu yake.

Wazee wangu wa Fizi, wa Baraka na wa Minembwe, nina ombi moja. Jioni mtoto akirudi na ng'ombe, akasema kesho anaogopa kupeleka kundi upande wa kijito, msimwambie kwamba mwanaume haogopi. Msogezeni karibu na moto, mpeni maziwa, mmuulize ameona nini.