Mtoto wa Pili Aliyewahi Kuja: Tumpokee kwa Uso Gani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kumpa mtoto amtakaye na kwa wakati autakao, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa zetu za usiku tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja, mkaazi wa Kibokoni, nasi tumeona kuwa si swali lake peke yake. Mkewe alishika mimba ya pili ilhali mwana wao wa kwanza angali ananyonya, hajatimiza mwaka. Wenyewe walikuwa wamenuia kungoja mpaka mtoto amalize miaka yake miwili ya ziwa. Mungu akakadiria vyengine. Habari ilipojulikana hapana aliyewaambia "hongera". Waliambiwa "poleni". Mama akaacha kwenda maharusini, hata matangani, kwa kuwaepuka wale waliokuwa wakimtupia jicho tumboni, kisha wakamtazama mtoto aliyempakata. Nyanya wa mtoto akaleta shubiri ikapakwa chuchuni, ili mtoto aliachilie ziwa siku ile ile, kwani, alisema, maziwa yamekwisha kuharibika na mtoto atakuwa amebemendwa. Sasa mtoto wa pili amezaliwa, mzima, na ndugu yetu auliza: Je, tumemdhulumu wa kwanza kwa kumleta wa pili? Na huyu wa pili, ambaye hatukuwa tayari naye, tumpokee kwa uso gani?

Kwa faida ya vijana waliolisikia neno hili bila ya kuelezwa: kubemenda, kama wazee wengi wa pwani wanavyoitakidi, ni kumdhuru mtoto anyonyaye kwa sababu ya wazazi wake kukutana kabla hajaachishwa ziwa, au mamake kushika mimba nyengine. Mtoto akikonda, akavimba miguu, nywele zikageuka rangi, akakataa kucheza, basi hutazamwa baba na mama ikasemwa: wamembemenda. Ni tuhuma nzito, kwani yasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba wazazi walishindwa kujizuia, na kwamba tamaa yao ndiyo inayomla mwana wao.

Mji wetu huu ndio alimotolea Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawazoeza watu kuuliza, kila waonapo ada imevaa nguo ya dini, "Dini yenyewe yasemaje?" Nasi tuulize vivyo hivyo.

Waarabu nao walikuwa na khofu kama hii, wakiiita ghila. Imam Muslim amepokea kwa Judama binti Wahb kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa amekusudia kuikataza, kisha akaitazama hali ya Warumi na Wafursi, akaona kuwa wao hulifanya jambo hilo na watoto wao hawadhuriki, basi hakuikataza. Tuizingatie sana hadithi hii. Mtume hakuwacheka watu kwa khofu yao, wala hakuithibitisha kwa kuwa ni kauli ya wazee. Aliwatazama watoto wa watu wengine, tena wasiokuwa Waislamu, akapima kwa alichokiona. Hatufichi kwamba iko hadithi nyengine katika Sunan ya Abu Daud, iliyopokewa kwa Asma binti Yazid, yenye kuonya juu ya ghila. Wako wanavyuoni walioidhoofisha, na wako waliozikusanya mbili wakasema: kujihadhari ni bora, lakini si haramu. Kwa kauli zote hizo, hapana mwenye haki ya kumwita mama huyu mwenye dhambi.

Na tuitazame nyumba iliyo bora kuliko nyumba zetu zote. Kwa kauli iliyo mashuhuri, Hasan alizaliwa katikati ya Ramadhani mwaka wa 3 wa Hijra, na Husein katika Shaaban mwaka wa 4. Hesabu, ndugu msomaji: haitimii miezi kumi na miwili baina yao. Basi Bibi Fatma alimchukua Husein tumboni, na Hasan angali mchanga kabisa mikononi. Alipofika wa pili hakupunguziwa kitu kwa kuwahi kwake. Babu yake alimpa jina, akamfanyia akika kama alivyomfanyia nduguye. Na Ibn Majah amepokea kwamba Ummul Fadhli, mke wa Abbas ami yake Mtume, alimnyonyesha mmoja wa wajukuu hao. Nani katika sisi angethubutu kusimama mlangoni pa nyumba ile akasema "poleni"?

Lakini haitoshi kusema wazee wamekosea, kisha tukaondoka. Bibi zetu walikuwa na macho. Walimwona kweli mtoto akidhoofika baada ya mamake kushika mimba, na waliyoyaona wao wameyaona wengine mbali na hapa. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akitibu watoto Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Akawaona watoto wa namna ile ile: miguu imevimba, ngozi yabambuka, nywele zimepauka. Mwaka 1933 aliandika habari za maradhi hayo, na mwaka 1935 akayatangaza kwa jina ambalo watu wa huko wenyewe walikuwa wakiyaita, jina ambalo kwetu limekuwa kwashakoo. Katika lugha ya Waga, wenyeji wa Accra, ni maradhi yampatayo mtoto aliyeondolewa mahali pake mwenziwe anapozaliwa.

Mama wa Accra na bibi wa Mji wa Kale waliona jambo moja. Tofauti ni pale walipouliza: nani aliyemdhuru? Daktari yule alitazama chakula. Mtoto ameondolewa ziwa, akapewa uji wa mahindi mtupu, usio na cha kujenga mwili, naye angali mdogo. Maradhi mengine yakimjia yamkuta hana nguvu. Mimba ya mamake haikumtia sumu. Alinyang'anywa chakula chake kabla hajawekewa chengine cha kukifidia. Basi natulitamke lililo chungu: shubiri ile tuliyompaka mama ili kumwokoa mtoto ndiyo iliyomsogeza kwenye hatari tuliyoikhofu. Kisha alipodhoofika, tukasema itikadi yetu imethibiti.

Maziwa ya mama mwenye mimba hayaharibiki. Huenda yakapungua, na ladha yake ikabadilika hata mtoto akayaacha mwenyewe. Na mama ambaye mimba zake hutishia kutoka na amwulize daktari au mkunga. Lakini mama mzima apataye chakula cha kutosha aweza kuendelea kunyonyesha.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Ziko kauli mbili zinazokaribiana kwa sauti na kuachana mno kwa maana. Ya kwanza ni "Lau tungalingoja." Ya pili ni "Lau asingalikuja." Ya kwanza ni hukumu juu ya kitendo chetu, na mtu aweza kuisema kwa akili timamu, akajifunza kwayo. Ya pili ni hukumu juu ya mtu. Kabla ya mtoto kupatikana palikuwa na mashauri tu baina ya mume na mkewe. Baada ya kuzaliwa yuko mtu, mwenye haki ya jina, na nasaba, na ziwa, na urithi, na haki hizi hazikuwekewa sharti kwamba awe ametarajiwa. Katika Sura ya an-Nahl, aya ya 58 na 59, Mwenyezi Mungu amelaumu mwenendo wa mtu aliyekuwa akijificha na watu kwa habari ya kuzaliwa binti. Sisi twasoma tukamlaani yule wa zama za ujinga. Tuogope tusije tukajificha na watu kama yeye, kwa sababu nyengine.

Atasema mtu: "Furaha sijaiona moyoni mwangu, nimeona khofu ya kodi ya nyumba na usiku usiokuwa na usingizi. Nikitabasamu, si unafiki?" Twamjibu kwa ada yetu wenyewe. Mgeni akibisha hodi usiku, siku mbili kabla ya ile aliyoiandika katika barua, mwenye nyumba humwambia "karibu" kwanza, ndipo akaulize jikoni kuna nini. Hapana amwitaye mnafiki. Kukaribisha ni haki ya mgeni, na furaha mara nyingi huja nyuma yake, mtu akiwa katika kuhudumu.

Wala isifahamike kuwa twawakataza watu kupanga. Jabir amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli na Kurani ikiteremka. Na Imam Ghazali katika Ihya ameiruhusu, hata kwa kuikhofu taabu ya watoto wengi. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri mama apumzike miezi 24 baada ya kuzaa ndipo ashike mimba nyengine, kwani mimba za kufuatana humdhoofisha mama, na huzidisha hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya miezi yake. Kupanga ni katika kumfunga ngamia. Lakini mtu aliyemfunga ngamia wake, kamba ikakatika, hakutenda dhambi. Na ngamia vilevile hakutenda.

Basi jawabu yetu kwa ndugu yetu ni hii. Mtoto wa kwanza hukumdhulumu kwa kumpa ndugu. Utamdhulumu ukimwacha na kopo la uji mtupu. Aya ya 233 ya Sura ya al-Baqara imeweka chakula na mavazi ya mama juu ya baba, ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na ikataka kuachisha ziwa kabla ya miaka miwili kuwe kwa ridhaa na mashauri ya wazazi wawili. Hapo hapakutajwa shubiri, wala amri ya nyanya, pamoja na heshima yetu kwake. Kwa hivyo mzidishie mkeo chakula. Mtoto mkubwa mpe samaki, na mayai, na kunde, na maziwa. Jioni mchukue wewe barazani, mama apate kulala saa moja, na mwana naye ajue kwamba akiondoka katika paja la mamake liko la babake. Wote wawili wapimie kwa kibaba kimoja, kwa hadithi ya Nuuman bin Bashir juu ya uadilifu baina ya watoto. Mpe mdogo jina zuri na umfanyie akika kwa uwezo wako, bila ya kuomba radhi kwa mtu.

Na kwa majirani na jamaa, nasi tumo, twasema: tuache kuhesabu miezi kwa vidole vyetu katika nyumba za watu. Mwenye "poleni" na aibadilishe. Na mwenye sahani ya chakula na aipeleke, kwani nyumba ile ina watoto wawili wasiojua kujilisha na mama mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakuze watoto hawa wawili katika afya na mapenzi baina yao, ampe nguvu mama yao, amfungulie riziki baba yao, na atusamehe sisi tuliowatupia jicho. Amin.