Aliyekula Katika Usingizi, Je, Ana Kosa?

Tuwaze nyumba moja ya Manika, mjini Kolwezi. Baba ni mtu wa mgodi: juma hili anafanya kazi mchana, juma lijalo usiku. Usingizi umemkimbia, naye amenunua vidonge vya kulala bila kumwuliza mganga wa hospitali. Asubuhi mama anakuta sufuria ya bukari tupu, samaki wameisha, miiba imetapakaa chini. Baba anaapa kwamba hakuamka. Basi wote wanamtazama mtoto yatima anayelelewa pale: «Mwizi ni huyu!» Jirani anaongeza neno baya zaidi: «Mtoto anayekula usiku ni mchawi.»

Tusihukumu upesi. Waganga wanajua kwamba dawa nyingine za usingizi, kama zolpidemu, zaweza kumwinua mtu kitandani. Atapika, atakula, atarudi kulala, na asubuhi hakumbuki kitu. Mwili umeamka, lakini akili ingali imelala. Jambo hili si la kuchekesha, kwa maana mtu huyo aweza kuwasha makala ndani ya nyumba, au kutoka njiani. Huko Marekani, mwaka 2019, wakuu wa dawa waliamuru onyo kali liandikwe juu ya dawa hiyo na nyingine mbili za jamaa yake. Walikuwa wamehesabu watu 66 waliopatwa na mabaya kwa matendo ya usingizini; 20 kati yao walikufa.

Je, baba ametenda dhambi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba tendo la kibinadamu hutoka katika akili na mapenzi. Aliyelala hana akili huru, kwa hiyo tendo la usingizini si dhambi kwa lenyewe. Lakini alisema pia kwamba kosa laweza kuwa katika chanzo chake, wakati mtu alipokuwa macho.

Basi, baba asiyejua nguvu ya dawa ile hana kosa la kula. Bali akiisha kuonywa, akameza tena ovyo, au akaichanganya na pombe, kosa lake limeanza kabla hajafumba macho. Wajibu wake ni kumrudia mganga, na kumweleza yote bila haya.

Na wale waliomshtaki yatima? Hao hawakuwa wamelala. Akili yao ilikuwa huru, na ulimi wao pia. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 inamlinda mtoto asishtakiwe uchawi. Na amri ya Mungu ilikwisha kukataza ushuhuda wa uongo tangu kale.

Baba alikula bila kujua. Mama na jirani walimwumiza mtoto wakiwa macho. Ni nani hasa anayepaswa kuomba msamaha asubuhi ile? Kabla ya kumnyoshea mdogo kidole, ndugu, uliza kwanza ni dawa gani iliyomezwa na mkubwa.