Mafuta Yako, Je na Barabara Ni Yako?

Mwenye gari ukimuuliza kwa nini anatoka Kimara hadi Posta peke yake, viti vinne vitupu, jibu analo tayari: "Mafuta nanunua kwa pesa yangu." Ni kweli. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji, katika safari ile amelipia nini hasa?

Amelipia petroli. Petroli yote ya Tanzania inaagizwa kutoka nje, kwa fedha za kigeni zile zile zinazotakiwa kununulia dawa. Na lita moja, ambayo uzito wake haufiki kilo, ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni yake hujiunga na oksijeni ya hewani. Hiyo hakuilipia. Na moshi unavutwa na mama lishe wa kando ya barabara, ambaye hata baiskeli hana.

Kubwa zaidi ni nafasi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, yalipewa njia zao katikati ya Barabara ya Morogoro. Wapo waliolalamika kuwa wamenyang'anywa barabara. Wamenyang'anywa na nani? Basi moja refu la aina ile hubeba watu zaidi ya mia. Wape watu mia kila mmoja gari lake, uyapange; foleni itafika nusu kilometa, hata kabla hayajaanza kutembea! Nani basi kamnyang'anya mwenziwe?

Sisemi gari ni haramu. Mwenye mgonjwa, mlemavu, mwenye mzigo, hao udhuru wao uko wazi. Wala si uungwana kumhubiria mtu aache gari nyumbani, halafu asimame kituoni saa nzima na kuingia basini kwa kusukumana. Kesho atarudi kwenye gari lake, na mimi sitamlaumu. Asiye na gari atakopa anunue pikipiki.

Hapo lawama inahama. Israfu ya yule wa Kimara ni ya lita chache. Israfu ya anayepanga usafiri wa mji mzima huku yeye akipita ndani ya vioo vilivyofungwa, kiyoyozi kikivuma, tuipime kwa kipimo gani? Wakubwa hao wapande basi wiki moja tu, saa kumi na mbili asubuhi, pale Kimara, bila kutanguliza taarifa.