Yaliyolipata Kanisa la Escomb

Kanisa la kijiji cha Escomb, katika kaunti ya Durham kaskazini mwa Uingereza, lilijengwa mnamo karne ya 7, enzi za Waanglo-Saksoni. Mawe yake mengi yalitoka kwenye magofu ya ngome ya Kirumi ya Binchester, iliyo jirani. Katika ukuta wa kaskazini lipo jiwe moja lenye maandishi LEG VI, yaani Jeshi la Sita la Roma, nalo limepachikwa kichwa chini miguu juu. Inaelekea fundi hakujali maandishi; alichotaka ni jiwe lililochongwa likanyooka. Ukuta wa kusini una saa ya jua iliyochongwa, na juu yake amelala nyoka.

Ndani ni pembamba na parefu kwenda juu. Ukumbi wa waumini una urefu wa mita 13 hivi, na upana wake haufiki mita 5. Madirisha ya asili ni madogo, yamewekwa juu sana, na nafasi zake zinapanuka kwa ndani ili mwanga mchache usambae. Mbele kuna upinde unaotenganisha waumini na madhabahu. Nguzo zake zimepangwa jiwe la kusimama, jiwe la kulala, na inaaminika upinde huo nao ulihamishwa kutoka Binchester. Nionavyo mimi, hakuna kitu kizuri kuushinda katika jengo zima.

Karne ya 19 migodi ya makaa ya mawe ilijaza watu eneo lile, kanisa likawa dogo. Mwaka 1863 likajengwa jipya juu ya kilima. Kwa hilo siwalaumu: watu wakizidi, hutafutiwa nafasi. Kosa lilikuwa katika yaliyofuata. La zamani liliachwa bila matunzo, na kuacha kulitosha. Haikuhitajika nyundo wala amri ya kubomoa.

Hapa wanaosimamia nyumba za ibada za kale washike vizuri. Ukuta wa mawe na chokaa hustahimili mvua kwa karne nyingi maadamu kichwa chake kimefunikwa. Paa likitoboka, maji huingia kwa juu, hushuka katikati ya ukuta na kuilegeza chokaa taratibu, huku sura ya nje ikionekana nzima. Mbao nazo huoza pale zinapoegemea ukutani, mahali ambapo aliye chini haoni. Tundu ambalo fundi mmoja angeliziba kwa siku moja hugeuka kazi ya kuchangisha fedha miaka na miaka. Kwa hiyo anayekagua apande juu, tena kabla ya msimu wa mvua, na fungu la matengenezo litengwe hata kama jengo halina ibada.

Escomb walipona kwa kuchelewa. Paa lilikwisha kuharibika vibaya ndipo umri wa jengo ulipotambuliwa, likakarabatiwa kati ya 1875 na 1880. Kuta zilikuwa zimesimama bado, kwa sababu mafundi wa kwanza walijenga kwa mawe makubwa na kwa uangalifu mkubwa. Lile jipya la kilimani lilibomolewa karne iliyofuata, waumini wakarudi bondeni, na hadi leo wanasali humo.