Damu ya Mbwa Asiyeulizwa

Mbwa aliyegongwa na gari akatokwa na damu nyingi aweza kufa hali majeraha yenyewe yangetibika. Kinachomwokoa ni damu ya mbwa mwingine. Jambo hili si geni: Richard Lower alilifanya Oxford mwaka 1665, na mbwa aliyetolewa damu akafa. Siku hizi hafi. Uingereza ina benki ya damu ya wanyama tangu mwaka 2007. Mbwa mwenye afya, wa kilo 25 na zaidi, hutolewa mililita 450 hivi, kisha hurudi nyumbani na bwana wake.

Lakini nani alimwuliza? Mtu hukubali mwenyewe. Kwa mbwa, bwana wake ndiye akubaliye. Twasema jibu lake limo mwilini: akijivuta, akitetemeka, akitaka kushuka mezani, basi aachwe. Waangalifu hufanya hivyo, nasi twaona yatosha.

Kwa paka twasita. Paka wengi hupewa kwanza dawa ya kuwalegeza ili watulie. (Aliyewahi kumshika paka asiyetaka kushikwa ajua sababu.) Je, aliyelegezwa atakataaje? Tena mwili wake ni mdogo, na damu yake si nyingi. Paka wa jirani akiwa mahututi, twaweza kukubali kwa siku hiyo moja. Ama kufuga paka kwa kazi ya kutoa damu tu, mwezi baada ya mwezi, hilo hatulikubali, hata anayeokolewa akiwa paka wetu wenyewe.