Kutoka Keko hadi Chang'ombe

Jijini Dar es Salaam, ukitoka Kariakoo ukaelekea Keko, utasikia msumeno kabla hujaona duka. Vitanda, makabati na milango ya mninga vimepangwa kandokando ya barabara, na nyuma yake vijana wanapiga msasa, vumbi limewajaa hadi kwenye kope.

Si mbali na hapo, Chang'ombe, kipo chuo cha VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huko kijana anayesomea useremala hufundishwa kusoma mchoro, kupima, kunoa randa na patasi. Hufundishwa pia kwamba mbao mbichi ikija kukaukia nyumbani kwa mteja hujikunja, na mlango wa kabati haufungi tena. Gundi na misumari haviwezi kuiokoa. Fundi wa mtaani mara nyingi hulijua hilo baada ya hasara. Mwanafunzi huelezwa sababu yake kabla hajaharibu ubao wa mtu.

Lakini simdharau fundi wa Keko, hata kidogo. Mkono wake umebeba miaka ya kazi, na VETA yenyewe ina utaratibu wa kuupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Wengi hawajaambiwa.

Mzazi, ikiwa mwanao anapenda kugongagonga mbao, usimwambie hiyo ni kazi ya walioshindwa shule. Mpeleke Keko akaione kazi, kisha mpite Chang'ombe mkaulizie fomu.